Konokono wa sebuleni: mfuge, ila usimtoe lamboni

Leo naweka pembeni dhahabu, bei ya mchele na siasa za halmashauri. Nataka tuongelee konokono. Ndiyo, konokono. Sio yule wa shambani anayetambaa kwenye majani ya maboga baada ya mvua, bali yule wa majini, anayefugwa ndani ya tangi la kioo pamoja na samaki wa mapambo. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Cheka umalize, halafu rudi tuongee, maana ishu hii ina afya ya watoto wetu na majaruba ya wazee wetu ndani yake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili nisimpotezee mtu muda. Kufuga konokono wa maji baridi nyumbani ni jambo zuri, rahisi na lenye elimu. Lakini kwa sisi tunaoishi Kahama, Buzwagi, Shinyanga, Geita na vitongoji vyake, kuna mambo mawili ambayo mimi nayaita mwiko. La kwanza, usimchukue konokono lamboni ukamweka kwenye tangi lako. La pili, usimchukue konokono wa tangini ukammwaga mtaroni. Ukielewa sababu za miiko hii miwili, umeelewa makala yote.

Sasa, kwa nini naandika haya kutokea Buzwagi? Kwa sababu mji umebadilika. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukaleta watu, mishahara, nyumba za kupanga na hoteli. Mwaka 2021 ukafungwa, lakini watu hawakuondoka wote na ladha za mjini hazikuondoka kabisa. Tangi la samaki ambalo zamani ulilikuta mapokezi ya hoteli Dar, leo unalikuta sebuleni kwa fundi simu, saluni, na kwenye ofisi ya mtu wa kusafirisha mizigo Isaka. Ni starehe ya bei ya kati. Huhitaji kuwa bosi. Unahitaji kioo, pampu ndogo ya hewa, umeme usiokatika sana na uvumilivu.

Tatizo ni kwamba ukishapata samaki, unaanza kuona mwani wa kijani umeganda kwenye kioo. Unauliza, unaambiwa: "Weka konokono, atasafisha." Konokono wa dukani ni wa kuagiza Mwanza au Dar, wafike hai au wafe njiani kwenye basi. Konokono wa lamboni ni wa bure, yuko nyuma ya nyumba. Kijana anachukua kopo, anavua viatu, anaingia majini hadi magotini, anarudi na konokono kumi na kiganja cha tope la kupandia majani. Ameokoa hela, na hapo hapo amefanya kosa la kwanza.

Kabla sijafika huko, nimtetee kwanza mnyama mwenyewe, maana anasingiziwa mengi.

Konokono wa majini ni mfanyakazi. Anakwangua mwani kwa ulimi wenye meno madogo mengi sana kama tupa ya fundi seremala. Anakula mabaki ya chakula ambayo samaki wameyaacha na majani yaliyooza. Kuna aina moja, Melanoides, mwenye gamba refu lililochongoka kama pia iliyovutwa, ambaye mchana anajizika kwenye mchanga na usiku anatoka. Kule kuzunguka kwake kunageuza mchanga usigande na kutoa harufu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamjua vizuri. Wengi wao hawajui kwamba mnyama huyo asili yake ni Afrika na Asia, na kwamba yumo kwenye maziwa yetu haya haya.

Lakini tusimfanye malaika. Konokono si pipa la taka. Naye anakula, naye anajisaidia humo humo. Ukiona konokono wamejaa kwenye tangi kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni, ujue wewe unamwaga chakula kingi kupita kiasi. Aina nyingi hazihitaji mwenza ili kuzaa. Melanoides jike anazaa bila dume, tena anazaa watoto hai walio tayari kutambaa. Wengine ni jike na dume kwa wakati mmoja, na wakikosa mwenza wanajitosheleza wenyewe. Kwa hiyo mmoja tu aliyejificha kwenye jani anatosha kuanzisha ukoo. Hapa naomba uweke kumbukumbu, tutarudi baadaye.

Na wala tusijione washamba kwa kupenda konokono. Nchi hii ina konokono waliowasumbua wanasayansi kwa miongo mingi. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipofika Ziwa Tanganyika aliokota magamba ufukweni, na mwaka 1859 yakaelezwa kitaalamu kule London. Yalifanana mno na magamba ya baharini. Baadaye mtu mmoja anaitwa J.E.S. Moore akashawishika kiasi cha kuandika kitabu kizima mwaka 1903 akitetea wazo kwamba ziwa lile lilikuwa sehemu ya bahari ya kale. Hakuwa sahihi. Magamba yale yalitengenezwa na mageuzi ya miaka mamilioni ndani ya ziwa lenyewe, huku konokono na kaa wanaowala wakishindana, huyu akiongeza unene wa gamba na yule akiongeza nguvu za makucha.

Mmoja wao anaitwa Neothauma. Hapatikani akiwa hai popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika na maji yanayoungana nalo. Akifa, gamba lake tupu linabaki chini ya ziwa, na magamba hayo yamerundikana maeneo makubwa. Ndani yake wanaishi samaki wadogo sana, baadhi yao hawafiki hata urefu wa kidole cha mtu mzima. Humo wanalala, wanataga na kulea. Samaki hao wanafugwa leo Ujerumani, Marekani na Japani. Wafugaji wa huko wakikosa gamba la Neothauma wanawapa gamba la konokono wa kuliwa wa Ufaransa, na samaki wa Kigoma anahamia humo bila kulalamika! Mzungu anamjua konokono wa Kigoma kwa jina lake la Kilatini, na sisi tunasema tu "lile dude".

Haya. Sasa tuingie kwenye kichocho.

Wote tulisoma darasani mzunguko wa kichocho. Tulichora mchoro, tukaandika "konokono" kwenye duara moja, tukapata alama zetu tukasahau. Ngoja nikumbushe kwa lugha ya kijiweni. Mtu mwenye kichocho anakojoa au kujisaidia majini. Mayai ya minyoo yanaanguliwa. Kimelea kinachotoka kina saa chache tu za kumtafuta konokono wa aina yake, kikimkosa kinakufa. Kikimpata kinaingia mwilini mwake na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo konokono yule yule anaanza kuachia majini vimelea vipya, mamia na hata maelfu kwa siku, vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache. Huhitaji kunywa maji. Huhitaji kuwa na kidonda. Mkono kuingia tu majini unatosha.

Tanzania mara kwa mara inatajwa kuwa ya pili Afrika baada ya Nigeria kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, na Kanda ya Ziwa ndiko ugonjwa ulikojichimbia. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo, kinachobebwa na konokono wa jamii ya Biomphalaria. Huku kwetu ndani, Shinyanga na jirani, kwenye malambo, madimbwi na majaruba, kinachotawala ni kichocho cha kibofu, kile cha mkojo wenye damu. Mbebaji wake mkuu ni konokono wa jamii ya Bulinus, hasa yule anayeitwa Bulinus nasutus.

Huyu nasutus ni mjanja ajabu. Anaishi kwenye maji ya msimu. Kiangazi kikija, lambo likikauka na kupasuka nyufa, wewe unadhani amekufa. Wapi! Amejichimbia kwenye tope, amelala. Mvua za kwanza zikinyesha anaamka, anataga, na baada ya muda mfupi dimbwi limejaa. Ndiyo maana nilishtuka niliposikia watu wanabeba tope kavu la lambo kwenda kupandia majani ya kwenye tangi, eti "kavu halina kitu". Ndugu yangu, hilo tope ni bweni.

Sasa piga picha ya tangi la sebuleni. Maji ya uvuguvugu, taa inawaka, konokono watano wa lamboni wanatembea kwenye kioo. Jumamosi mtoto wa miaka saba anaambiwa amsaidie baba kusafisha. Anaingiza mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko, anasugua kioo, anacheka, maana samaki wanamgonga gonga vidole. Kama mmoja wa wale konokono alishaambukizwa kabla hajatolewa lamboni, umemleta lambo ndani ya nyumba. Mtoto ambaye umemkataza kuogelea bwawani kwa sababu ya kichocho, unamwogesha mikono sebuleni kwako. Na konokono aliyeambukizwa anaweza kuendelea kutoa vimelea kwa wiki nyingi. Kumweka kwenye ndoo siku mbili "ajisafishe" si dawa.

Kuna watakaosema natia watu hofu. Wataniambia dawa ipo, praziquantel, inagawiwa mashuleni, kuna nini? Kweli dawa ipo na inafanya kazi nzuri. Lakini dawa inaua minyoo iliyopo, haikukingi na ya kesho. Na kichocho kikikaa muda mrefu bila kutibiwa kinaharibu kibofu na ini, kinaweza kuishia kwenye saratani ya kibofu, na kwa wanawake kinaweza kuleta vidonda ukeni na kwenye mlango wa kizazi ambavyo mara nyingi hudhaniwa ni magonjwa ya zinaa. Binti anatibiwa kisonono asicho nacho, ananyooshewa kidole mtaani, kumbe tatizo ni lambo alilokuwa akichota maji utotoni. Mimi hilo silichukulii kama hofu ya kutengenezwa.

Uzuri ni kwamba konokono hazaliwi na kichocho. Mama konokono hamrithishi mtoto vimelea hivi. Anayezaliwa kwenye tangi la maji ya bomba, lisilowahi kuguswa na mkojo wala choo cha binadamu, hana pa kuupata ugonjwa. Kwa hiyo tatizo si konokono. Tatizo ni ametoka wapi. Hapo ndipo natofautiana na wale wanaosema tuwaue wote, tusifuge hata mmoja. Konokono wa kizazi cha tatu kwenye tangi la rafiki yako hana hatia yoyote.

Mtu ataniuliza: nitawatambuaje? Kuna dalili za jumla. Biomphalaria ni bapa, amejiviringisha kama ile dawa ya mbu ya kuchoma. Bulinus ni mdogo, na ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama, mdomo uko upande wako wa kushoto. Wote wawili hawana kifuniko. Melanoides na wale konokono wakubwa wa duara wana kifuniko kigumu, wakijificha wanafunga mlango. Wenye kifuniko sio wanaobeba kichocho cha Afrika.

Lakini nakuomba usijigeuze mtaalamu wa maabara kwa mistari hii sita. Kuna konokono wa mapambo anaitwa Physa, amesambaa kwenye matangi ya dunia nzima, naye mdomo wake uko kushoto na hana kifuniko. Ukimweka karibu na Bulinus hata msomi anakuna kichwa. Na hata ukimchagua yule mwenye kifuniko, maji uliyombebea na majani uliyong'oa naye vinaweza kuwa na vitu vingine. Kanuni rahisi ni kuangalia chanzo. Cha lamboni kibaki lamboni.

Twende kwenye mwiko wa pili, ambao kwa maoni yangu ni mzito kuliko wa kwanza, ila hauzungumzwi kabisa.

Siku moja mtu anachoka. Anahama, umeme unamshinda, au konokono wamezidi. Huruma inamwingia, hataki kuwaua. Anachukua ndoo, anaenda kumwaga mtaroni, kwenye mto au kwenye jaruba. "Nimewapa uhuru." Jamani, uhuru huo unaweza kumgharimu mkulima ambaye hajawahi hata kuliona tangi lako.

Kanda ya Ziwa haihitaji kufundishwa somo hili, ilishalilipia ada. Magugu maji yaliyofunika Ziwa Victoria yalikuwa ua. Ua zuri la zambarau kutoka Amerika ya Kusini, watu wakalisambaza duniani kwa kupamba mabwawa yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Victoria, na miaka ya 1990 mitumbwi ilikuwa inashindwa kutoka bandarini. Juu ya hasara ya uvuvi, ile mikeka ya magugu ni makazi murua kwa konokono wa kichocho. Hayo yote yanatokana na kitu kilichopendwa kwa sababu kilikuwa kizuri kutazama.

Kwa konokono mfano upo jirani zaidi. Kuna konokono mkubwa wa rangi ya dhahabu, Pomacea canaliculata, asili yake Amerika ya Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisambazwa Asia ili afugwe kwa chakula. Soko likagoma, akaachiwa. Akaingia kwenye mpunga. Anakata miche michanga usiku, asubuhi mkulima anakuta jaruba tupu. Jamii yake wanauzwa pia kama mapambo, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza na kusambaza jamii hiyo nzima mwaka 2012. Mwaka 2020 alithibitishwa Mwea, Kenya, kwenye skimu kubwa kabisa ya mpunga ya nchi ile. Mwea! Hapo ni mwendo wa siku moja kwa lori kutoka mpakani kwetu.

Sasa niambie wewe msomaji wa Kahama. Mchele wetu tunaojivunia unatoka wapi kama si kwenye majaruba? Nani ataijua siku ambayo konokono wa namna hiyo atashuka kwenye basi ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji, ameandikiwa "samaki wa mapambo"? Sheria inaweza kuwepo kwenye karatasi, lakini haipekui mfuko wa nailoni chini ya kiti. Anayeweza kuzuia ni mnunuzi anayejua anachonunua na muuzaji anayeulizwa maswali.

Mfano mwingine ni Hong Kong. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walimkuta porini Biomphalaria kutoka Amerika ya Kusini, mbebaji wa kichocho, na anayeshukiwa ni biashara ya samaki na majani ya kwenye matangi. Huko hawakuwa na konokono huyo kabla. Kumbuka nilichosema kuhusu mmoja kutosha kuanzisha ukoo.

Najua wasomi watanirushia hoja moja nzuri, na kwa haki lazima niiseme. Konokono wa mapambo wamewahi kutumiwa makusudi kupambana na kichocho, tena hapa hapa Tanzania. Mwaka 1982 ilichapishwa taarifa ya kisayansi ya jaribio la bwawa moja la kuchimbwa kaskazini mwa nchi. Waliingiza Marisa, konokono mkubwa wa Amerika ya Kusini ambaye wafuga samaki wanamjua kwa gamba lake lenye mistari. Akawamaliza wabebaji wa kichocho bwawani humo, kwa kula majani yao na mayai yao. Mwaka 1983 ikachapishwa nyingine kuhusu Helisoma, konokono wa mapambo mwenye asili ya Florida, aliyeingizwa kwenye mifereji ya umwagiliaji huko huko kaskazini. Na kwenye visiwa vya Karibi, kama Saint Lucia na Martinique, Melanoides yule yule niliyemsifia juu ndiye aliyewasukuma pembeni wabebaji wa kichocho wa huko.

Kwa hiyo je, tumwage tu? Hapana. Lile lilikuwa jaribio la watafiti, bwawa linajulikana, konokono wanahesabiwa kabla na baada. Na hata hivyo swali la mpunga halikuwahi kuisha, kwa sababu konokono anayekula majani ya bwawa hajui tofauti ya gugu na mche. Mtu mwenye ndoo mtaroni hafanyi utafiti, anatupa taka hai.

Sasa, nisije nikaonekana mtu wa kukataza tu. Unataka kufuga? Fuga hivi.

Mchukue konokono kwa mfugaji mwenye tangi la siku nyingi linalotumia maji ya bomba. Mpe kwanza chombo chake peke yake kwa wiki kadhaa, usiingize mkono mtupu, tumia koleo au kijiko kirefu. Majani ya kupanda chukua kwa mfugaji huyo huyo, yaoshe, yakague jani kwa jani. Mayai ya konokono yanafanana na tone la ute.

Maji ya bomba ya Kahama tunajua yanatoka wapi. Ule mradi wa Ziwa Victoria uliozinduliwa mwaka 2009, chanzo chake kipo Ihelele, Misungwi. Yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: maji ya Victoria ni laini, yana madini machache ya kujengea gamba. Konokono wako akianza kuwa na gamba jeupe lenye mashimo mashimo kama ukuta wa udongo uliopigwa mvua, hajarogwa. Anakosa kalsiamu. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yasage, tia kidogo. Wenzetu wa Kigoma hawana shida hiyo kwa sababu maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini.

Na jihadhari na shaba. Shaba ni sumu kwa konokono, hata kidogo tu. Mrututu ulikuwa ukimwagwa mabwawani kuwaua zamani kabla ya dawa mpya. Dawa nyingi za samaki wagonjwa zina shaba ndani yake, kwa hiyo soma kibandiko. Yale makinikia ya Buzwagi na Bulyanhulu yaliyotukosesha usingizi mwaka 2017 yalikuwa na dhahabu na shaba. Dhahabu tuligombania wote. Kwa shaba, konokono peke yake ndiye mwenye malalamiko ya msingi.

Wakizidi, punguza chakula. Wakiendelea, weka jani la kabichi usiku, asubuhi litoe likiwa limejaa konokono. Wagandishe kwenye friza au waponde uwape kuku. Najua ni ukatili kidogo. Ila ni afadhali kuliko kuwapa "uhuru". Na maji machafu ya tangi usiyamwage mtaroni, yamwage kwenye udongo mkavu mbali na maji, au kwenye mchicha wako wa kwenye gunia. Utanenepa.

Mwisho, nina ombi kwa walimu wa sayansi na mabwana afya wa huku kwetu. Kwa nini tangi la konokono lisiwepo shuleni? Konokono safi, waliozaliwa tangini, na pembeni magamba makavu matupu ya Bulinus na Biomphalaria ili mtoto ajue anayemkimbia anafananaje. Mtoto wa Shinyanga anachora mzunguko wa kichocho kwa miaka saba bila kumwangalia konokono usoni hata mara moja, halafu tunashangaa anaingia lamboni. Tangi dogo moja halizidi gharama ya sherehe moja ya kumuaga mwalimu mkuu.

Na kwako wewe unayeuza samaki wa mapambo mjini: mteja akikuuliza konokono huyu ametoka wapi, usimjibu "amekuja tu na majani", kama nilivyojibiwa mimi kwenye duka moja ambalo silitaji. Jibu hilo ndilo lililoleta magugu maji.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tubishane kwa amani. Na kama una konokono wa lamboni sebuleni sasa hivi unaposoma, mwambie mtoto asiingize mkono, halafu kesho mpitishe zahanati mkapime mkojo. Wote wawili.